Ukurasa wa Maharage

Nyamigogo, Biharamulo
12 Februari 1995

Dada yangu Bonifasia wa Mbuba,

Shikamoo Dada. Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu nikiwa nimevua kofia, ingawa huko Ngara huioni. Sisi huku ni wazima kama chuma cha reli, na reli naijua, si ya kusimuliwa, nimewahi kuilalia pale Isaka nikaamshwa na treni yenyewe. Marsiana mke wangu anakusalimu sana. Goti linamsumbua ila mdomo haujambo kabisa. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Yule mbuzi aliyekula kofia yangu ya Mombasa tulimchinja Krismasi, kwa hiyo kofia imerudi kwa mwenyewe, imezunguka tu.

Sasa Dada, kaa kitako. Nyumba yangu ina bati. Mabati ishirini na manne, mazito, si yale ya kukunjika kama karatasi ya sambusa. Mvua ikinyesha mimi na Marsiana tunaongea kwa mikono. Nyamigogo nzima wanapita barabarani shingo zimeinuka. Usiniulize yametoka wapi, mtu aliyetembea dunia kama mimi hakosi marafiki. Na jambo la pili: nimepata kazi ya ualimu. Ndiyo, mimi. Darasa langu la tano lilikuwa la zamani, ni sawa na kidato cha pili cha siku hizi.

Nasikia huko kwenu wakimbizi wa ng'ambo ya mpaka wamejaa mpaka kuni zinafuatwa safari ya siku nzima. Tena nasikia kuna mama mmoja anazunguka kwenye mahema na daftari anaandika watu. Sikuuliza jina. Dada, chama chenyewe kimeshaacha mambo hayo ya ujamaa, wewe umebaki unampigia nani makofi? Njoo upumzike huku chini ya bati.

Ni mimi mdogo wako,
Frednand, Mtembea Nchi Nne


Mbuba, Ngara
26 Machi 1995

Ndugu Frednand,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imekaa wiki tano mfukoni mwa dereva wa Padri, imefuliwa mara moja pamoja na suruali, lakini wino wako mkaidi kama wewe. Mimi sijambo. Mgongo unauma asubuhi, ikifika saa nne unasahau. Marsiana mpe pole ya goti, mwambie mdomo autunze, ndio unaokufaa.

Maharage ya shamba la pamoja tumevuna madebe tisa. Ndiyo, shamba bado lipo. Tumebaki wanawake saba wa tangu mwaka 1974. Eustakia siku hizi haoni kabisa, lakini anapalilia kwa kupapasa kuliko wewe mwenye macho.

Unasema chama kimeacha. Kimeacha, mimi sijaacha. Niliposhika ubalozi wa nyumba kumi mwaka 1969 nilifundishwa kanuni moja: mgeni asilale bila kuandikwa. Jina, atokako, kazi yake, sababu ya kuja, siku atakazokaa. Hawa watu walipokuja Aprili iliyopita wakapiga mahema nyuma ya shamba letu, nilihesabu mahema kumi kuanzia mgomba wa mwisho, nikasema hizi nazo ni nyumba kumi zangu. Wakubwa wa misaada walinicheka. Wao wana orodha zao, za kugawia mahindi. Yangu ni ya kujua nani ameingia kwa mama yupi na anataka nini.

Katibu wangu ni Odeta wa hema la nne, alikuwa mwalimu kwao, mwalimu kweli. Amebakiwa na mtoto mmoja, Niyonzima, ana miaka ishirini, kijana mrefu anayepiga gitaa la kopo la mafuta ya kula.

Sasa wanakuja wageni wasiotaka kuandikwa. Wamevaa vizuri. Wanakaa na vijana, wanawaambia habari za kurudi kwao na bunduki. Tumekutana wanawake wote, wa mahema na wa kijiji, tumekubaliana: asiyeandikwa hapewi maji, wala moto wa kuwashia sigara. Na ile safu ya sababu ya kuja, naijaza mimi, si yeye.

Haya, wewe. Shule gani inampa mwalimu mabati ishirini na manne kabla hajashika chaki? Jibu hilo kwanza. Mombasa baadaye.

Bonifasia


Nyamigogo
16 Aprili 1995, siku ya Pasaka

Dada Bonifasia,

Shikamoo, na Pasaka njema. Tumekula kuku, shingo tukakuwekea wewe, halafu tukaona ni mbali, nikaila kwa niaba yako. Yule ndama amekuwa mkorofi, nimemwita Waziri.

Swali lako nimelisoma, nikalisoma tena, nikampa Marsiana. Akasema, "Na mimi si nilikuuliza hivyo hivyo?" Wanawake nyie mlisoma shule moja.

Basi nakueleza, maana mimi si mtu wa kuficha. Mwezi wa kwanza nilikuwa kilabuni kwa Adelfina, naisimulia ile vita ya Uganda kama kawaida yangu, nimefika pale penye mzinga begani. Akaingia bwana mmoja mwenye soksi nyeupe. Dada, tope la Biharamulo unalijua, lakini zile soksi zilikuwa nyeupe kama kanzu ya Padri. Nikasema moyoni huyu si mtu wa kawaida. Akanunua debe zima la pombe, tukanywa wote, mpaka wale wasionipenda. Halafu akanivuta pembeni: "Mzee, unaweza kufundisha vijana?" Nikamwambia, "Mimi nafundisha mpaka majenerali." Baada ya siku tatu mabati yakaja kwa pikapu. Jina hakunipa, mimi namwita Bwana Soksi.

Kazi yenyewe ni ukakamavu tu. Kukimbia, kulala kifudifudi, kuinuka. Waziri wangu anafanya hayo kila asubuhi bila mshahara. Bwana Soksi katoka upande gani wa mpaka, mimi sikuuliza.

Na marehemu Leonidasi mumeo namtaja kila mara, kwa heshima. Jinsi tulivyokuwa wote kule mbele ya Masaka, nilivyomshika kichwa, alivyosema jina lako mara moja tu, akalala kama mtoto aliyeshiba. Watu wazima wanalia pale kilabuni.

Nina ombi dogo. Bwana Soksi akipita huko kwako, mwandike tu "kutembea". Usimkere. Zile soksi zina hasira ndani.

Mdogo wako,
Frednand


Mbuba
21 Mei 1995

Frednand,

Salamu nimezipata. Huku mvua zimekatika, watu ni wazima.

Bwana Soksi wako amekuja, Alhamisi, saa sita mchana. Nikamwambia, "Karibu. Jina?"

Akasema, "Bibi, mimi napita tu."

"Wanaopita nao wana majina."

Odeta akafungua daftari. Yule bwana akacheka, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyetikisika. Mtungi ulikuwa pale pale, Eustakia ameukumbatia kwa miguu yake miwili kama mtu anayefinyanga. Akaomba kwa mara ya pili. Eustakia akamwambia, "Mwanangu, mimi sioni. Sijui kama upo. Daftari halijaniambia."

Akaondoka na kiu. Lakini kabla hajaondoka aliwaita vijana, akawaambia tarehe ishirini Agosti watapelekwa kwa mwalimu. Mzee aliyepigana Uganda, aliyefiwa na shemeji yake mikononi. Akataja na jina lako.

Niyonzima amefunga begi. Anasema wanaokuja na maneno ya mjini hawaamini, lakini mtu aliyemshika kichwa mume wa Mama Balozi, huyo atamfuata popote. Odeta hajala tangu juzi. Hanilaumu. Ananitazama tu, mimi dada yako.

Yule bwana nimemwandika bila ruhusa yake. Sababu ya kuja: kununua watoto wa watu.

Frednand, kuna jambo unataka kuniambia?

Bonifasia


Nyamigogo
30 Julai 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Marsiana anakusalimu, goti limepoa. Waziri ameachishwa kunyonya. Mimi sikuugua. Miezi miwili sijaandika kwa sababu ya karatasi, yaani zilikuwepo, nimezijaza mara tatu, mbili Marsiana amewashia moto na moja niliitafuna.

Nilikwenda kwa Bwana Soksi. Nikamwambia, "Bwana, tusikilizane. Mimi si askari. Mimi hata mto Kagera sikuvuka. Mwaka ule wa vita nilikuwa jikoni, kambi ya mgambo hapa hapa Biharamulo, mpishi msaidizi. Silaha niliyoshika ni mwiko."

Unajua alifanya nini? Alicheka, akanipiga bega. Akasema, "Mashujaa wa kweli ndivyo walivyo. Wanyenyekevu."

Mnyenyekevu! Mimi! Dada, nina miaka hamsini na moja, nimetukanwa Mombasa, nimetukanwa Kigoma kwa lugha tatu, lakini tusi hilo sijawahi kuliona. Nikamvulia kiatu nikamwonyesha kovu la mguu, nikamwambia hili ni la uji wa moto, sufuria lilinipindukia. Akasema, "Kilabuni ulisema ni bomu." Kweli, nilisema ni bomu. Nikakimbilia kwa Adelfina, nikasimama juu ya benchi nikatangaza kwamba sikupigana. Wakapiga makofi. Wakasema, "Leo Frednand katunga mpya!" Miaka kumi na sita nasema uongo naaminiwa, nimesema kweli siku moja tu, watu wanashika mbavu.

Basi yule bwana akageuza sura. Akasema, "Mabati umeshapigilia. Tarehe ishirini gari litakuja. Mtu akishakula cha kwetu harudi nyuma, mzee. Huwa hafiki mbali." Hakupandisha sauti. Soksi nyeupe vile vile.

Lakini hilo silo gumu, Dada. Gumu ni hili. Kama sikuvuka mto, basi Leonidasi sikumwona. Kichwa sikushika. Jina lako sikulisikia.

Nilifika kwako Julai ile ya 1979, simu ya maandishi imeshakuja kwamba hayupo. Ulikuwa mlangoni. Umekonda, kitenge umekivaa ndani nje. Ukaniuliza neno moja, "Ulimwona?" Nikasema, "Nilimwona." Sikupanga. Nilitaka ule. Na ulikula, Dada. Siku ile ulikula. Kesho yake ukauliza tena, nikaongeza kidogo, ukala tena. Ndipo nikawa napika. Ndiyo kazi niliyoijua. Baadaye nikaonja mwenyewe, nikaona tamu, nikawa najilisha mimi na kilabu kizima.

Usiponiandikia tena nitaelewa. Lakini huyo Niyonzima msimwache aende kwa ajili ya sufuria la uji. Msomee barua hii. Isome yote, hata pale pa mnyenyekevu.

Frednand


Mbuba
6 Agosti 1995

Mdogo wangu Frednand,

Marahaba. Na nyingine ya miezi miwili uliyonyamaza, marahaba. Barua imeletwa na Anatoli wa baiskeli kwa siku tatu, nimempa mkungu mzima. Nimefurahi goti la Marsiana limepoa.

Nilijua.

Nilijua tangu Septemba 1979. Barua ya serikali ilipofika ilisema Leonidasi alifariki tarehe 11 Machi. Nikafungua daftari. Sikuwa nakutafuta wewe. Nilitaka kujua siku ile mimi nilikuwa nafanya nini, nani alikuwa nyumbani kwangu, kama nilikuwa nimekaa au nimesimama. Nikakukuta, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ulikuwa umekuja na lori la kambi kuchukua maharage ya mgambo. Ulilala kwangu siku mbili. Leonidasi anakufa kule, wewe uko hapa unatuchekesha habari za masufuria, na mimi nacheka mpaka nashika ukuta.

Utauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza kabla yako. Wanawake wengine waliofiwa hapa Mbuba hawakuwa na mtu wa kuwaambia lolote, walipewa karatasi tu. Mimi nilikuwa na wewe. Kwenye habari zako Leonidasi hakuwahi kuumia. Unakumbuka sherehe za ushindi? Walitaka akina mama tuimbe, nikasimama nikasema nitaimba Leonidasi akirudi kucheza. Wakaninyang'anya uenyekiti wa akina mama siku hiyo hiyo. Nikatembea na hilo miaka yote, kila mkutano, Bonifasia adui wa vita. Halafu ukija kunitembelea nakuwekea kigoda nakwambia hebu nisimulie tena. Mkutanoni napinga vita, nyumbani naila. Wewe ulipika, mimi nilisema ongeza. Hivyo usibebe peke yako.

Ukurasa ndio huu. Nina daftari kumi na moja na sijawahi kuchana hata pembe mpaka leo. Saini ya katibu kata wa wakati ule iko chini, na muhuri upo. Fanya hivi. Mabati yashushe kabla ya siku yao. Ukurasa usomwe kilabuni, mchana, watu wamejaa, na mwenyekiti wa kijiji awepo. Usikutane na yule bwana chumbani. Kaa katikati ya watu na usitoke katikati ya watu.

Barua yako nitaisoma mahemani Jumapili ijayo baada ya misa. Yangu nitaisema kwa mdomo.

Ukurasa ninautaka. Usiukunje mara mbili.

Dada yako,
Bonifasia


Nyamigogo
27 Agosti 1995

Dada, Dada, Dada,

Shikamoo! Niko hai, naanza na hilo ili Marsiana aache kunisukuma kiwiko. Anakusalimu. Waziri anakusalimu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Sitasema mengi juu ya hapo. Mimi ni mtu wa maneno mengi lakini hayo niachie.

Jumamosi tulishusha mabati. Marsiana kashika ngazi, analia na kucheka, majirani wanauliza, "Frednand, unahamia Ulaya?" Tukayapanga kando ya barabara, ishirini na manne, kila moja na matundu yake ya misumari. Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Adelfina nikakaa katikati kabisa, huku Projestus mwenyekiti wetu, huku fundi wa cherehani, nyuma ukuta. Pikapu ikaja. Nyuma wamekaa vijana sita na mabegi.

Bwana Soksi akaingia. "Mzee, tayari?"

Nikasimama nisome. Dada, andika hili kwenye daftari lako: sauti ilinikimbia. Mimi! Nikampa Projestus, akaweka miwani, akasoma kama anasoma waraka:

"Tarehe 10 Machi 1979. Jina la mgeni: Frednand. Atokako: kambi ya mgambo, Biharamulo. Kazi: mpishi msaidizi. Sababu ya kuja: kuchukua maharage, magunia arobaini. Siku atakazokaa: mbili. Maelezo: amekula sana."

Adelfina akaanza, "Amekula sana!" Kilabu kizima kikaanguka. Mzee mmoja alitoka nje kucheka kwa sababu ndani hapakumtosha. Nikatazama mlangoni, wale vijana wa pikapu wameshuka kusikiliza, nao wanacheka. Mmoja akamuuliza Bwana Soksi, "Sasa huko tunakwenda kufundishwa na nani? Kupika?"

Bwana Soksi akasema karatasi ni ya kutengeneza. Projestus akamwonyesha muhuri. Dada, dunia yote nimeizunguka, sijaona mtu asiyenyamaza mbele ya muhuri. Akatutazama. Tulikuwa wengi, na wote tunamtazama yeye. Akatoka akaanza kupakia mabati kwa mikono yake, hakuna aliyemsaidia, na tope lilikuwepo. Zile soksi sasa ni za watu wa kawaida.

Vijana watatu walichukua mabegi yao wakaondoka kwa miguu. Watatu walipanda wakaenda naye. Nilikimbia barabarani nikataka kuwaita, nikafungua mdomo, sikuwa na la kuita. Sikuwajua majina. Dada, pale ndipo nilipolielewa daftari lako, pale barabarani, mdomo wazi. Mpaka leo nakumbuka mmoja alivaa shati la kijani, basi.

Wale waliorudi nimewaandika. Nimenunua daftari. Safu nimechora kwa fimbo ya Marsiana, zimepinda kidogo.

Tumeezeka nyasi. Watoto wa Nyamigogo wananiita Bwana Amekula Sana. Niambie habari za Niyonzima, na usiniambie pole pole.

Frednand


Mbuba
15 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtama umeota vizuri. Eustakia ameanguka shimoni akatoka anacheka, hakuvunjika. Wapiga kampeni wanapita na fulana za vyama vyote. Nimepokea za vyama vyote, nimeshona mifuko ya mbegu.

Hukutaka pole pole, basi: Niyonzima yupo.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama juu ya gunia, watu wameketi, mahema yote kumi na wengine wa mbali. Pale pa mnyenyekevu kijana alicheka. Odeta akaniambia hakuwa amemsikia akicheka tangu wavuke mto. Nilipomaliza nikasema yangu, kwamba mimi niliyekataa kuimba sherehe za ushindi nilikuwa naomba hadithi ile ile nyumbani. Ilikuwa ngumu kuliko mkutano wowote. Niyonzima hakucheka hapo. Aliinuka akaenda. Akarudi, akaniuliza, "Kwa hiyo mumeo alikufaje?"

Nikamwambia, "Sijui. Hakuna aliyeniambia."

Akasema, "Baba yangu pia." Akakaa.

Begi lilibaki limefungwa siku tatu. Siku ya nne Odeta alilikuta shambani, kijana amebebea mbegu za maharage. Odeta anakula sasa, tena anakula vizuri, angekupendeza.

Sitakuficha, wawili wa hema la saba waliondoka na wale watu. Sikuwafuta. Nimeongeza safu mpya upande wa kulia, tarehe ya kurudi, nimeiacha wazi. Majina yao yote mawili ninayo, hata ya mama zao. Wale watatu wako, uliza uliza, majina yao utayapata.

Na kuna jingine. Juzi walikuja wanawake kutoka upande wa pili wa kambi, sijui hata wametembea muda gani. Wanasema nao wamehesabu mahema kumi kumi, wanataka kujua safu zinachorwaje. Mpaka leo nyumba kumi kumi kama zangu zimefika ishirini na mbili. Kijana wa Odeta ndiye anazunguka kuwachorea, gitaa mgongoni. Padri ametupa madaftari yaliyobaki shuleni. Yule mkubwa wa misaada aliyenicheka alikuja jana kuniomba nimwonyeshe kazi. Nikamwandika kwanza.

Njoo Krismasi na Marsiana. Njoo na ukurasa.

Dada yako,
Bonifasia


Nyamigogo
10 Desemba 1995

Dada Bonifasia,

Shikamoo, na kwa Odeta shikamoo, na Eustakia mwambie asiukumbatie mtungi siku hiyo, mimi nitaandikwa.

Tunakuja. Marsiana ameshafunga, mimi nabeba Waziri kwa maneno tu, mwenyewe anabaki. Ukurasa uko ndani ya kitabu cha sala, haujakunjwa hata mara moja, nimeufunga na kitambaa kama ekaristi. Nitaugundisha daftarini mwenyewe kwa uji, uji naujua.

Wale watatu: mwenye shati la kijani nimempata jina, anaitwa Ishimwe, mama yake anauza chumvi gulio la Nyarubungo. Nimekwenda, nimemwandika, na safu ya kurudi nimeiacha wazi kama yako. Wawili bado natafuta. Kilabuni bado nasimulia vita, Dada, nisikudanganye, lakini sasa nasimulia ile ya sufuria kupinduka, na Adelfina anasema hii ndiyo nzuri kuliko zote. Juzi kijana mmoja aliyerudi aliniomba niirudie.

Mkivuna mtama jiko ni langu. Mahema yote kumi, na hizo ishirini na mbili zikija zije, mimi nimewahi kupikia mgambo mia nne kwa mwiko uliovunjika, na hili ni kweli, muulize yeyote. Nitahitaji maharage.

Nikifika usiniache nipite mlangoni kabla ya daftari. Mwaka 1980 nilikwambia uandike askari, ukaandika, ukijua. Mwaka 1986 nikasema sajenti, ukaandika vile vile. Safari hii andika mpishi. Ondoa msaidizi, hapo tu unikubalie. Siku nitakazokaa, tuone. Maelezo utayajua mwenyewe nikishainuka mezani.

Halafu, Dada, usimame pale mlangoni kama Julai ile, uniulize tena, "Ulimwona?" Nami nitakujibu hapana. Tutaingia ndani, tule.

Mdogo wako,
Frednand